Miaka Sita ya Kuchora, na Deni la Helb

Msikilizaji, uwe Soy, Ziwa, Matunda, Kitale au hapa hapa Moi's Bridge kando ya mto Nzoia, mazungumzo ya leo ni ya karo na deni. Kila matokeo ya KCSE yanapotoka, kuna mzazi atakayenisimamisha njiani na swali lile lile: mtoto amepata alama nzuri, ameitwa kusomea usanifu majengo Nairobi au Juja, je, hiyo kozi inalipa?

Ni swali la haki. Watu wa upande huu hupiga hesabu ya mbolea na mbegu kabla mvua ya Machi haijaanguka, basi hata digrii ipigiwe hesabu. Kinachonishangaza ni jinsi majibu yanavyotolewa upesi. Mjomba aliyeko Nairobi atasema maakitekti ni matajiri, ameyaona magari yao. Kijana aliyemaliza mwaka juzi atasema usithubutu, mimi niko nyumbani nakamua ng'ombe wa baba. Wote wawili wanasema kweli. Mjomba amemwona mtu wa miaka hamsini, kijana amejiona mwenyewe akiwa na ishirini na sita, na baina ya umri huo na huo ndipo penye maneno.

Tuanze na deni, maana deni lina uhakika kuliko mshahara.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo sote tunaiita Helb, iliundwa kwa sheria mwaka 1995. Riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka, na hakuna benki ya hapa mjini itakayokupa mkopo kwa riba hiyo hata ukiweka hatimiliki mezani. Mwaka 2023 ukaja mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo, ambao unazipanga familia katika madaraja matano. Daraja la kwanza ni la familia yenye kipato kisichozidi shilingi 5,995 kwa mwezi. Huyo mtoto wao, kulingana na mpango wenyewe, serikali inamlipia asilimia 70 ya gharama ya masomo, asilimia 25 anakopeshwa, na 5 inabaki kwa mzazi. Kisha kuna pesa za kujikimu, yaani chakula, chumba na nauli. Hizo zote ni mkopo: shilingi 60,000 kwa mwaka kwa daraja la kwanza, zikipungua hadi 40,000 kwa daraja la tano lenye uwezo. Mfumo huu umezua kesi. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema unakiuka katiba, na miezi michache baadaye Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, kwa hivyo usishangae tarakimu zikibadilika kabla mtoto wako hajamaliza.

Sasa chukua kalamu. Kozi ya usanifu majengo huchukua kwa kawaida miaka sita. 60,000 mara sita ni 360,000. Jirani yake aliyeitwa kusomea biashara atakaa miaka minne, deni lake la kujikimu ni 240,000, na wakati mwenzake anaingia mwaka wa tano yeye yuko kazini au angalau yuko barabarani akitafuta. Na hapo sijagusa ile asilimia 25 ya mkopo wa masomo, ambayo inategemea gharama ya kozi, na usanifu hauko miongoni mwa kozi rahisi.

Tuipeleke hesabu hiyo ghalani. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kununua gunia la mahindi la kilo 90 kwa shilingi 4,000. Kwa bei hiyo, 360,000 ni magunia 90. Shamba likitunzwa vizuri na mvua isitutanie, ekari inaweza kukupa magunia 20. Ni mavuno ya ekari nne na nusu, kabla ya kutoa mbolea, trekta, palizi na gharama ya kukausha. Na kumbuka ni deni la mtoto ambaye kwao, kwa maneno ya serikali yenyewe, hawafikishi shilingi 6,000 kwa mwezi. Aliye maskini zaidi ndiye anayepewa deni kubwa zaidi la kula na kulala. Sisemi anyimwe. Nasema tu kwamba hilo halitajwi siku ile barua ya kuitwa chuoni inaposomwa kanisani na watu wakapiga makofi.

Kuna gharama nyingine ambazo Helb haizioni. Kompyuta ya kuandikia barua haitoshi, inatakiwa yenye nguvu za kuendesha programu kama ArchiCAD au Revit. Kuchapisha ramani kwenye zile karatasi kubwa hulipiwa kwa karatasi, na mhadhiri hasahihishi kazi iliyo ndani ya simu. Nilipata kuketi katika matatu ya kutoka Eldoret na msichana wa hapa aliyekuwa anarudi likizo. Alikuwa amelipia viti viwili, kimoja chake, kingine cha modeli ya jengo aliyoshindwa kuiacha chuoni kwa kuogopa itavunjwa. Kuta zilikuwa za kadibodi nyeupe iliyokatwa kwa wembe, madirisha ya plastiki ya jalada la daftari, na miti ya uani alikuwa ameitengeneza kwa sponji ya kuoshea vyombo, akaipaka rangi ya kijani. Ukigusa ukuta unaona gundi imekauka nje ya mstari mahali pamoja tu, karibu na mlango. Akaniambia hiyo ni ya pili, ya kwanza mhadhiri aliikataa. Nikamuuliza zimemgharimu kiasi gani zote mbili. Akacheka, akageukia dirishani.

Haya, amemaliza. Helb humpa mwaka mmoja wa kupumua, kisha saa ya deni inaanza kugonga. Asipolipa, faini ni shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Zidisha kwa 12 upate 60,000, yaani kukaa mwaka mmoja bila kulipa kunagharimu sawasawa na mkopo wa mwaka mzima wa kujikimu katika lile daraja la kwanza. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2022 kwamba riba na faini za Helb haziwezi kupanda bila kikomo, kwamba deni lisivuke maradufu ya kile mkopaji alichokuwa anadaiwa aliposhindwa kulipa. Afadhali. Lakini maradufu ya 360,000 bado ni mzigo, na jina lako likipelekwa kwa wale wanaoorodhesha wadaiwa sugu, hata mkopo wa kununua pikipiki unakupita. Kwa miaka mingi pia, vijana wakiomba kazi ya serikali wamedaiwa cheti kutoka Helb. Unatafuta kazi ili ulipe deni, unaambiwa kwanza leta ushahidi kwamba unalipa.

Wakati saa ya Helb inagonga, saa ya taaluma yenyewe haijaanza. Hapa ndipo kozi hii inapotofautiana na nyingi. Ukimaliza miaka yako sita huruhusiwi kujiita msanifu majengo mbele ya mteja. Sheria ya wasanifu na wakadiriaji majengo, ambayo mizizi yake ni mwaka 1934 enzi za mkoloni, inasema jina hilo ni la aliyesajiliwa na bodi inayoitwa BORAQS. Kusajiliwa kunataka ufanye kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa, kisha ukalie mitihani ya bodi. Ongeza miaka miwili, mitatu, na kwa wengine zaidi, kwa sababu ofisi za kukupokea si nyingi na karibu zote ziko Nairobi. Kwa hivyo mzazi anayepiga hesabu ya miaka sita amekosea. Apige ya tisa.

Katika hiyo miaka mitatu ya mwisho kijana analipwa kama msaidizi. Tuseme amepata 40,000 kwa mwezi, na wapo wanaoanza chini ya hapo. NSSF inachukua 2,400. Bima ya afya ya jamii, asilimia 2.75, ni 1,100. Tozo ya nyumba, asilimia 1.5, ni 600. Kodi ya mapato ni kama 3,150. Zinabaki 32,700 na ushei. Akilipa lile deni la 360,000 kwa miaka kumi, na riba yake, ni kama 3,650 kila mwezi, ukiacha mkopo wa masomo ambao bado hatujaujumlisha. Toa kodi ya chumba, toa nauli ya Nairobi ambayo mvua ikinyesha inapanda maradufu, toa chakula, halafu mama yake apige simu kwamba ng'ombe ameugua. Huyu ndiye tuliyemwambia ana kazi ya maakitekti.

Lakini nisiwe kama yule kijana anayekamua ng'ombe. Upande wa pili wa hesabu upo, na ni mzito.

Kiwango cha ada kilichowekwa chini ya sheria ile kinampa msanifu karibu asilimia 6 ya gharama ya jengo kwa kazi kamili, kuanzia mchoro wa kwanza mpaka ufunguo. Nyumba ya shilingi milioni 4, ambayo si kasri siku hizi, ni shilingi 240,000. Majengo mawili ya namna hiyo kwa mwaka yanalingana na mshahara wetu wa mwaka mzima wa 40,000 kwa mwezi, japo ofisi nayo ina gharama zake. Mtu akisajiliwa, akajulikana, akapata hoteli moja au jengo la kanisa kubwa, gari analoliona mjomba halina siri yoyote. Taaluma hii huchelewa kulipa. Ikianza, haina umri wa kustaafu.

Na kazi ipo. Usidanganywe kwamba haipo. Tembea kutoka maghala ya Bodi ya Nafaka hadi darajani uhesabu vyuma vilivyochomoza juu ya paa vikisubiri ghorofa ya pili. Mashamba yaliyokuwa ya walowezi, wakati mji huu ukiitwa Hoey's Bridge kwa jina la mlowezi Arthur Cecil Hoey, yaligawanywa, yakagawanywa tena, na sasa yamekuwa ploti za hamsini kwa mia. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, na bei ya ardhi ya barabara hii imelisikia tangazo hilo. Kila upande wa Nzoia, wa Uasin Gishu na wa Trans Nzoia, kuna mjengo.

Nani anaichora mijengo hiyo? Mchoraji wa mtaani. Unampa vipimo vya ploti, anakuletea ramani kwa elfu 15 au 20, mhuri atakutafutia mwenyewe na usimuulize umetoka wapi. Simlaumu sana, ana familia, na wengi wao ni mafundi wazuri wa kuchora waliosoma vyuo vya ufundi. Tatizo ni kwamba ramani hiyo ilichorwa kwa ajili ya mtu mwingine, mahali pengine. Niliingia nyumba mpya hapa nyuma ya soko, nzuri, vigae vinang'aa, jiko la kisasa lenye makabati mpaka juu. Magunia ya mahindi yalikuwa sebuleni, yamepangwa nyuma ya sofa hadi usawa wa dirisha, na juu ya magunia kuna runinga. Nyumba ya milioni tatu ya mkulima wa mahindi, na hakuna aliyefikiria mahindi yatalala wapi. Mama mwenye nyumba ameshajenga jiko dogo la mabati nje, ndiko anakopikia kwa kuni, kabati zile zimehifadhi vikombe vya wageni. Kuna pesa zilizopotea pale, nyingi kuliko ada ya msanifu. Hakuna aliyezihesabu kwa sababu hazikutolewa risiti.

Sitaki kuleta hofu za majengo yaliyoanguka, ingawa lile la Huruma, Nairobi, la mwaka 2016 hatujalisahau. Nyumba nyingi za hapa hazitaanguka. Zitasimama tu vibaya kwa miaka hamsini.

Basi, pesa zipo, kazi ipo, na vijana waliosomea wapo. Kwa nini hawakutani? Sehemu ya jibu iko katika historia. Mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu nchini ilianza kupangwa rasmi mwaka 1974. Siku hizo aliyetoka chuo kikuu aliajiriwa na serikali karibu moja kwa moja, na msanifu akaingia Wizara ya Ujenzi. David Mutiso, miongoni mwa wasanifu wa kwanza Waafrika nchini, alikuwa huko serikalini aliposhirikiana na Karl Henrik Nøstvik wa Norway kusanifu jumba la mikutano la KICC, lililofunguliwa mwaka 1973. Mkopo uliotungwa wakati huo ulimtazamia mtu mwenye mshahara unaojulikana kuanzia mwezi wa kwanza, na mwajiri wa kumkata. Mwajiri huyo amepungua, sheria imebaki na sura yake. Inamdai msanifu wa miaka ishirini na sita kana kwamba ni karani wa wizara.

Wenzetu wamefikiria njia nyingine. Tanzania hukata asilimia 15 ya mshahara wa mdaiwa, na wengi hulalamika kwamba ni nyingi, nami nakubali. Lakini ni asilimia, anayepata kidogo anakatwa kidogo. Mwaka 2021 serikali ya Rais Samia ikaifuta ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliyokuwa ikivimbisha madeni. Uingereza mdaiwa halipi kitu mpaka kipato kivuke kiwango fulani, na anapokivuka analipa asilimia 9 ya ile ziada. Sioni kwa nini Helb isimngoje msanifu hadi bodi imsajili, kwa muda wenye kikomo, au imdai kwa kiwango cha kile anachopata kweli. Wabunge wetu wa hapa wana kura za wazazi wengi wenye watoto vyuoni, na mswada wa namna hiyo hauhitaji barabara kuchimbwa.

Kuna kitu kingine kinachowafanya watu wa kaunti hii ya Uasin Gishu waogope, nacho nakiheshimu. Ule mpango wa masomo ya Finland na Kanada haujapoa vichwani. Wazazi waliuza ng'ombe, wakauza vipande vya shamba, wakaweka pesa katika akaunti iliyohusishwa na kaunti, na watoto wengine hawakuondoka au waliondoka wakakwama kwa karo. Mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret, na Agosti mwaka huo waliokuwa viongozi na maafisa wa kaunti wakafikishwa mahakamani, wakakana mashtaka. Hiyo ni kazi ya mahakama, mimi siihukumu hapa. Nachukua somo moja tu la shambani: ardhi iliyouzwa kwa ajili ya elimu hairudi, hata elimu ikifaulu.

Kwa hivyo, mzazi uliyenisimamisha, jibu langu ni hili. Mruhusu mtoto akasome, ikiwa anapenda kuchora na yuko tayari kuifikisha miaka thelathini akiwa bado anaanza. Kama anataka pesa za haraka, kuna kozi fupi na kuna ufundi, na fundi mzuri wa mabomba hapa Moi's Bridge halali njaa. Akubali mkopo wa Helb kwa ukamilifu kabla ya kugusa mali ya nyumbani, kwa sababu asilimia 4 ndiyo pesa rahisi kuliko zote atakazowahi kukopa. Asiukatae kwa aibu halafu mkamkopea kwa chama au kwa simu. Akimaliza, ile faini ya elfu 5 isimkute amenyamaza: aende Helb mwenyewe, aseme kipato chake, apange kiwango. Basari ya CDF na ya kaunti iombwe kila mwaka, hata mwaka wa tano na wa sita wakati wengine wamechoka kujaza fomu.

Na nyinyi mliomaliza, mnaosongamana Nairobi mkingoja ofisi kubwa iwaite. Ninyi wawili watatu, pamoja na mkadiriaji mmoja, mkiwa chini ya msanifu aliyesajiliwa, tafuteni chumba Kitale au Eldoret. Kazi ya usanifu huenda kwa hatua na hulipwa kwa hatua, mteja wa ploti ya hamsini kwa mia hahitaji kutoa laki mbili kwa siku moja. Mwonyesheni nyumba yenye ghala ndani yake, jiko la kuni lenye bomba la moshi, na maji ya paa yanayoingia tangini. Mwambieni bei wazi, mbele ya mkewe, maana yeye ndiye atakayeuliza mahindi yatakaa wapi.

Shamba lisiuzwe. Likodishwe msimu mmoja ikibidi, lakini lisiuzwe.